Ziwa lote hili, halafu umeme wetu unatoka Rufiji

Kaa kijiwe chochote cha Mwanza, taja tu neno mgao wa umeme, lazima mtu arushe lile swali: hivi Ziwa Victoria lote hili, tunashindwaje kuzalisha umeme wetu hapahapa? Kuna watu hulicheka. Mimi naona ni swali zuri tu, na jibu lake linafungua mambo ambayo hatuyaongei vya kutosha tangu Bwawa la Nyerere kule Rufiji likamilike.

Maji yakikaa tu hayatoi umeme, yanatoa yakianguka. Unahitaji maji na unahitaji mporomoko. Angalia Kihansi, ule mto sio mkubwa kivile, ukiusimamisha pembeni ya Rufiji unaonekana kijito, ila maji yanashuka zaidi ya mita 800 kutoka milima ya Udzungwa ndo maana unapata megawati 180 pale. (Wale vyura wadogo waliokuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale, maji yalipopungua ikabidi baadhi wapelekwe Marekani kutunzwa wasije wakaisha kabisa, ila hiyo stori ya siku nyingine.) Sasa ziwa letu lina kama kilomita za mraba 69,000 lakini limetulia kama uji kwenye sahani, mito ya kwetu huku nayo inaingia taratibu kwenye tambarare. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja, na mporomoko ndo uko hapo. Uganda walishaziba pale tangu 1954, bwawa la Owen Falls ambalo siku hizi wanaliita Nalubaale, wakaongeza Kiira, ikaja Bujagali, Isimba, na juzijuzi Karuma yenye megawati 600, yote yanakula maji yaleyale yanayoshuka. Kwa hiyo ndio, maji tunayoyaangalia toka Kirumba yanawasha taa za Kampala. Sina kinyongo, jiografia ndo ilivyo.

Ila tusijidanganye kwamba Jinja haituhusu zaidi ya hapo. Ziwa liliposhuka sana 2006, ukame ulikuwepo kweli lakini mabishano yalikuwa pia juu ya maji mangapi yalikuwa yanaachiwa kule bwawani. Halafu 2020 likapanda mpaka rekodi, watu wa kando ya ziwa wakaingiwa na maji ndani. Mvua ndo yenye neno la mwisho, anayefungua na kufunga milango kule anakuja baada ya hapo.

Tulichopata upande huu ni Rusumo, Ngara, kwenye Mto Kagera. Megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi, yaani kama 27 kila nchi. Sio haba, na Kagera kwa miaka mingi walikuwa wanategemea umeme wa Uganda kwa hiyo wao wanajua thamani ya mtambo wa karibu. Lakini kwa mji kama huu wenye viwanda vya samaki vinavyohitaji baridi saa 24, na pampu za maji za Capripoint ambazo umeme ukikata na bomba linakata, fungu la Rusumo halitoshi kitu.

Hapa ndo nataka kufika. Tunasema tuna umeme wa maji, tunahesabu mabwawa kwa majina, Mtera, Kidatu, Kihansi, Nyerere, unajisikia una vyanzo vinne. Chukua ramani ufuate mito. Ruaha Mkuu unaingia Mtera, unashuka Kidatu, unaenda Rufiji. Kihansi unaingia Kilombero, Kilombero unaenda Rufiji. Nyerere lenyewe liko kwenye Rufiji. Bonde moja! Jumlisha: Nyerere 2,115, Kidatu 204, Kihansi 180, Mtera 80, unapata megawati 2,579. Nje ya hapo una mitambo ya Mto Pangani, yaani Pangani yenyewe 68, Hale 21, Nyumba ya Mungu 8, na lile fungu letu la Rusumo, ukiacha vile vimtambo vidogo vidogo. Haifiki hata 130. Sasa nyanda za juu kusini zikikosa mvua miaka miwili mfululizo tunakimbilia wapi?

Najua mtaniambia Bwawa la Nyerere ni kubwa mno, linaweza kubeba maji ya msimu mzuri yakasaidia msimu mbaya, na maji yake mengi yanatoka Kilombero sio Ruaha, kwa hiyo Mtera kukauka haimaanishi Nyerere kukauka. Ni kweli, na mimi ni mmoja wa waliofurahi, nani anataka kurudi kwenye mgao wa 2006 au 2011? Hata mgao wa 2023 ulikwisha mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024, na muda si mrefu tukaanza kusikia umeme umezidi mpaka mitambo mingine ya maji inazimwa. Lakini huo ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, mpaka Rufiji na Kibiti watu wakafurika. Kupima uimara wa nchi kwa mwaka wa namna hiyo naona tunajipa moyo tu. Na Ruaha umekuwa ukikauka vipande vya kiangazi tangu miaka ya tisini, na kule juu Usangu mashamba ya mpunga nayo yanataka maji, na wali tunakula wote.

Jambo la pili ni waya. Toka Rufiji mpaka hapa, kupitia Chalinze, Dodoma, Singida, Shinyanga, ni kama kilomita 1,000, na umeme unapotea njiani kidogo kidogo. Nenda kwa fundi wa kuchomelea pale Nyakato saa moja jioni, watu wote wamewasha taa na tivii na pasi, umeme upo, haujakata, ila ni mdogo. Kijiti kinaganda kwenye chuma badala ya kuyeyuka, anakipiga piga, anakivunja, anaweka kingine, mwisho anaacha geti la watu limesimama nusu anasema ntamalizia usiku wa manane. Huyo ukimwambia nchi ina megawati za ziada anakuangalia tu. Machi 2025 Rais Samia aliposema kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa sababu ya hasara ya kusafirisha toka kule Rufiji, watu walipiga kelele sana mitandaoni, bwawa lote lile halafu tunanunua kwa jirani? Mimi sikuona cha ajabu. Kununua kwa aliye karibu ni hesabu ya kawaida, na kwa sisi wa ziwa aliye karibu ni Uganda.

Kitu ninachokiona kipo wazi na tunakienda taratibu mno ni jua. Juni mpaka Septemba, wakati mito inapungua, Shinyanga na Simiyu jua linawaka mpaka mbuzi wanatafuta kivuli. Mradi wa Kishapu upo, megawati 150 zikikamilika, awamu ya kwanza 50. Jua la mchana lingebeba ofisi na viwanda, mitambo ya Rufiji ikapunguzwa, maji yakakaa bwawani yakisubiri ile saa moja mpaka saa nne usiku ambapo jua halipo na kila mtu anataka umeme. Hapo bwawa linafanya kazi ambayo jua haliwezi, na mtambo wa mafuta mazito wa Nyakato, ule ghali, ukabaki wa dharura tu. Gesi ya Songo Songo na Mtwara nayo isiachwe eti kwa sababu maji yamejaa.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza hela inayofuata iende wapi, ntakwambia laini ya kuja huku na transfoma za mitaani kwanza, halafu jua la Kanda ya Ziwa, halafu ndo bwawa. Na bwawa lenyewe lisiwe Rufiji tena. Kuna Kakono kwenye Mto Kagera, megawati 88 hivi, na Malagarasi kule Kigoma, 49.5. Ni madogo, hayana sherehe ya kuitisha nchi nzima, ila mvua yake inanyesha kwingine kabisa.