Kijana Msafi Kupita Kiasi

Friza ya maabara yetu ilikuwa imejaa mapaja ya mbwa. Msishtuke: ni mbwa waliokufa kwa maradhi yao, wenye mbwa wakaridhia mifupa itumike kujaribia bamba na skrubu za kuungia mivunjiko. Kila mfupa tuliuviringisha chachi iliyolowa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tukautia mifuko miwili ya plastiki, nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi yenyewe haiusumbui sana mfupa. Ukiuyeyusha taratibu na kuupima ungali na unyevu, nguvu zake hazipishani sana na za mbichi. Adui ni ukavu, na hilo hakuna aliyemwambia kijana mpya wa kazi.

Siku ya kupima, Profesa akaubana mfupa wa kwanza kwenye mashine, bamba limeshakazwa. Mzigo ukapanda. Mfupa wenye unyevu hujipinda kidogo kabla ya kuvunjika, mstari wa grafu ukalegea kileleni. Huu wapi! Ulipanda umenyooka kama rula, Profesa meno yote nje: "Mnaona? Bamba letu ni kiboko!"

Paa! Vipande vikaruka, kimoja kikagonga kioo cha kinga mbele ya pua yake. Wa pili, vilevile. Yeye ndiyo kwanza anatafuta kichwa cha makala.

Nikaokota kipande. Cheupe pe, chepesi, nikikigonga mezani kinalia ting!

"Mdogo wangu, mifupa hii umeitoa wapi?"

"Humo humo frizani, dada. Ila tangu nianze kazi niliikuta imelowana, imefungwa matambaa, nikasema itaoza hii. Nikaivua yote, nikaifuta, nikaipanga wazi ipate hewa."

Hewa iliipata kwelikweli. Friza yenyewe ni ile isiyojenga barafu: hupuliza hewa kavu na kujipasha moto mara kwa mara. Mfupa ulio uchi humo hunyonywa maji wiki hadi wiki, ukakakamaa, halafu ukizidiwa haupindi, unapasuka tu. Kiboko haikuwa bamba.

Meno ya Profesa yakarudi ndani. "Chachi ziko wapi?"

"Nimezifua, Profesa. Nimezianika."

"Na vibandiko vya namba za mbwa?"

"Vile vikaratasi? Si vilikuwa vimechakaa?"

Basi jioni nzima nikawa natafutia mapaja ndugu zao, maana mguu mmoja hufungwa bamba, mwenzake ukawa wa kulinganishia. Kushoto na kulia si tabu, kichwa cha mfupa chenyewe kinakuonyesha kinakoelekea. Kazi ni nani alizaliwa na nani. Aliyenihurumia ni dachshund peke yake, yule mbwa wa vijiguu vifupi: mapaja mafupi, manene, hayafanani na ya mwenzake yeyote. Waliobaki wote walikuwa wa kimo kimoja, nikawapima kwa kalipa, kile kipimio cha unene, hadi macho yakaniuma.

"Dada, nikusaidie kupanga?"

Kabla sijajibu, Profesa akamtuma haraka akasafishe ofisi yake. Kijana akaondoka na ndoo. Kisha Profesa akakumbuka alichoacha mezani huko, akatoka mbio kumfuata.