Faharasa ya folda ya pamoja ni kazi ya seva

Utafutaji ukigoma kwenye folda ya pamoja ya ofisi, ubishi huwa ni uleule. Upande mmoja unataka kila kompyuta ijijengee faharasa yake, yaani orodha ya majina na maneno ya kutafutia, ya faili zilizoko kwenye mtandao. Upande wa pili unataka kazi hiyo ifanywe na seva, mara moja kwa niaba ya wote. Huu wa pili ndio unaonyimwa haki, kwa sababu hulaumiwa kuwa unaichosha seva.

Lawama hiyo ina msingi wake. Tangu toleo la 4.12 la mwaka 2020, Samba, programu ya seva ya kushirikisha faili, inaweza kujibu maswali ya Spotlight, kitafutaji cha Mac, kwa kutegemea Elasticsearch, programu ya kujenga faharasa, na Elasticsearch inahitaji RAM ya kutosha. Kisanduku kidogo cha kuhifadhia faili chenye RAM ya GB 1 hakiimudu. Isitoshe, faharasa ya seva ikiharibika, ofisi nzima hukosa majibu kwa wakati mmoja, na mtumiaji wa kawaida hana la kufanya ila kumsubiri fundi.

Lakini seva huchoshwa zaidi na njia ile nyingine. Chukua nyaraka za GB 500 na waya wa mtandao wa gigabiti 1, ambao kwa vitendo hupitisha kama MB 110 kwa sekunde. Kompyuta moja ikizisoma zote, ni saa moja na robo. Kompyuta 20 zikifanya hivyo, waya wa seva unajaa kwa takriban saa 25, na hapo nimehesabu kana kwamba ni faili moja kubwa. Maelfu ya faili ndogondogo huchukua muda mrefu zaidi. Halafu mtu anashauri kila mmoja afute faharasa na kuijenga upya, na mzigo unaanza tena, huku mhasibu akisubiri dakika nzima kufungua jedwali lake. Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux, imekubali ukweli huu siku nyingi: updatedb, programu inayoorodhesha majina ya faili, huruka diski za NFS, yaani zilizounganishwa kupitia mtandao, isipoambiwa vinginevyo.

Liko pia suala la usiri, ambalo halitajwi sana. Windows hukataa kuingiza folda ya mtandao kwenye maktaba zake (Libraries, zinazokusanya folda kadhaa mahali pamoja) ikiwa folda hiyo haina faharasa. Ujanja unaosambazwa ni kuifanya folda ipatikane hata bila mtandao, yaani kuvuta nakala ya faili zote hadi kwenye laptopu. Laptopu hiyo ikiibiwa, mikataba na mishahara imeondoka nayo. Seva yenye huduma ya Windows Search humwonyesha kila mtu majibu ya faili alizoruhusiwa tu, na hakuna nakala inayotoka.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote kwenye Mac, fungua Terminal uandike mdutil -s ukifuatisha njia ya folda, mfano /Volumes/Hati. Jibu likiwa «Server search enabled», basi anayetafuta ni seva. Faharasa ya kwenye Mac hata ukiifuta mara kumi hubadilishi kitu, tatizo likaangaliwe kwenye seva. Likiwa «Indexing disabled», hakuna faharasa inayotumika, na hapo ndipo uamuzi wa nani aijenge unapohitajika.

Seva nayo ina upofu wake. Kwenye Linux, inotify, sehemu ya mfumo inayoarifu faili zinapobadilika, huona mabadiliko yaliyopita kwenye mashine yake tu. Kama faili zenyewe ziko kwenye mashine nyingine na seva imeziunganisha kwa NFS, zinazobadilishwa huko hazitaonekana mpaka zipitiwe upya kwa ratiba. Na PDF iliyoskaniwa bila OCR, yaani bila programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maneno, ni picha: haina maneno ya kuorodheshwa, aijenge faharasa nani.

Kwa kile kisanduku cha GB 1, ningekiachia majina ya faili tu, yaorodheshwe humo humo usiku wakati hakuna anayefanya kazi, na utafutaji wa maneno ya ndani usubiri bajeti ya mashine kubwa zaidi.