Tofali la Zamani Halitaki Presha

Nikiona mashine ya kuoshea kwa maji ya presha inasogezwa kwenye ukuta wa matofali uliosimama miaka mia na ushee, roho huniuma. Ukuta utang'aa, hilo sibishi. Ila utakuwa umechunwa ngozi.

Tofali la kuchoma la zamani, hasa lililofyatuliwa kwa mkono, lina ganda la nje lililokomazwa na moto wa tanuri. Ndani mara nyingi ni laini na linafyonza maji. Ganda likishaondoka halirudi. Mvua inapenya, chumvi zinasafiri na unyevu na kulimeng'enya tofali, na penye baridi kali maji huganda humo ndani na kuubandua uso wake vipande vipande. Kupiga mchanga, yaani kuurushia ukuta mchanga kwa hewa ya presha, ndiko kubaya zaidi. Marekani, idara ya hifadhi za taifa ilitoa mwongozo wa kuonya juu ya jambo hilo tangu 1979, na bado wapo wanaokuita usafi!

Swali langu la kwanza huwa: uchafu huu unadhuru nini? Weusi wa umri si ugonjwa, uacheni. Masizi mazito yanayoshika unyevu, au majani yanayoota kwenye maungio, hayo yaondolewe, lakini kwa upole: maji safi ya presha ndogo, brashi ya nailoni, na subira. Brashi ya waya hapana, maana huacha chembe za chuma zinazoshika kutu na kuleta madoa mapya. Tindikali ya kusafishia saruji nayo isikaribie ukuta uliojengwa kwa chokaa. Inaila chokaa, kisha inaacha chumvi ndani ya tofali.

Jaribuni kwanza sehemu ndogo iliyojificha, halafu ngojeni ikauke kabisa. Tofali likiwa na maji hudanganya macho; weupe wa chumvi hujitokeza baadaye. Likikauka, pitisha kiganja. Kikitoka na unga mwekundu ambao haukuwapo kabla ya kuosha, njia hiyo ni kali mno, hata kama mwenye jengo ameipenda rangi yake.

Na akija muuzaji wa dawa ya kuzuia maji, mkataeni mpaka ijulikane unyevu wa ukutani unatoka wapi. Dawa hizo zinaweza kuufungia ndani, pamoja na chumvi zake, na hapo uso wa tofali huanza kumomonyoka kutokea nyuma ya dawa yenyewe.