Waini si ulanzi

Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane usiku. Ya pili ilinikuta mlangoni mwa stoo, tochi mkononi. Mke wangu alidhani tumevamiwa. Kulipokucha tukakuta ukuta mzima ni mwekundu kama mahali palipochinjwa mbuzi, na zile chupa nne zilizosalia nilizifungua moja moja chini ya taulo zito, uso nimeugeuzia dirishani. Hiyo ndiyo waini yangu ya kwanza: ya maua mekundu ya rozela, siku tisa tangu niitie hamira, kwenye chupa za vioo nilizozikaza vifuniko kwa nguvu zangu zote.

Kwa muda mrefu niliilaumu hamira. Baadaye nikalilaumu joto la Dar es Salaam. Siku hizi nalaumu malezi, na ninasema hivyo bila utani.

Nimekulia Iringa. Huko pombe ninayoijua mimi ina saa yake. Masika mianzi inapochipua, mgema hukata ncha ya chipukizi, anaweka mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia utomvu, na anarudi asubuhi na jioni. Ulanzi uliotoka kugemwa ni mtamu, watoto wanaonjeshwa. Ukilala unakuwa mkali. Ukizidi hapo unachachuka mpaka unakunja uso. Mnazi wa pwani ni hivyohivyo, wa asubuhi si wa jioni. Mbege ya Wachagga nayo hainywewi mwezi ujao. Sisi tumezoea pombe inayonywewa ingali hai, inatokota na kutoa povu, na ukichelewa umeikosa.

Sasa mtu aliyelelewa na saa hiyo mpe dumu la waini. Siku ya saba ataonja, ataona ni tamu na inachangamsha ulimi, atasema imeiva. Ataichuja, ataijaza kwenye chupa, atawapelekea shemeji zake. Karibu waini zote za nyumbani nilizoonjeshwa mjini hapa zilikuwa hivyo: juisi tamu yenye kileo, nzito, inayonuka hamira. Si mbaya kwa sherehe ya jioni moja. Ila siyo waini, ni ulanzi wa maua.

Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Hamira ni vijidudu hai. Inakula sukari na kutoa vitu viwili, kileo na hewa ya ukaa, hewa ileile inayotia povu kwenye soda. Maadamu sukari ipo na hamira ina nguvu, hewa inaendelea kutoka. Ukiifungia humo ndani ya kioo inajikusanya, na siku ikikosa pa kwenda inajitengenezea njia. Mimi nilifungia hamira ikiwa katikati ya chakula chake.

Anayeanza namshauri aanze na rozela, ambayo wengine wanaiita choya. Najua Dodoma ipo na zabibu zake, nitafika huko. Rozela kavu inapatikana sokoni mwaka mzima, haidai mashine, ina uchachu wake wa kutosha (wanaokamulia na limau juu yake sijui wanatafuta nini), na rangi yake inakupa moyo hata pale ladha inapokuangusha. Kwa lita 5 za maji mimi hutumia gramu 200 hivi za rozela kavu. Naiosha, naimwagia maji yaliyochemka, naifunika nusu saa, naichuja. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Zile za alumini tunazopikia wali ziache, maana uchachu wa rozela unazila. Na dumu lisiwe lililowahi kubeba mafuta ya taa, hata ukiliosha mara kumi.

Kisha sukari, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kilo 1, basi. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja zikiliwa zote huzaa takriban asilimia moja ya kileo, kwa hiyo kilo moja kwenye lita 5 za maji inakupa zaidi kidogo ya asilimia 10. Inatosha kabisa. Lakini nimewaona watu wakimimina kilo 2 kwa maji hayohayo, kwa imani kwamba sukari zaidi ni nguvu zaidi. Hamira ya mandazi haifiki huko. Kileo kikizidi kinailemea, inazimika njiani, na sukari iliyobaki inakaa humo kama sharubati. Ndiyo ile waini inayogandisha midomo na kukuachia kichwa kesho yake. Kama unapenda tamu, ongeza sukari kwenye glasi yako siku ya kunywa. Dumu liache lifanye kazi yake.

Yakishapoa hadi uvuguvugu, weka kijiko kimoja cha chai cha hamira uliyoiamsha kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Maji yakiwa ya moto unaiua, na utakaa wiki nzima ukisubiri mapovu yasiyokuja. Siku nne tano za mwanzo ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa safi inatosha, kwa sababu povu ni jingi. Baada ya hapo hamishia kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba na uzibe pembeni, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka bu-bu-bu, ya nje haiingii. Miezi ya joto mimi nalisimamisha dumu ndani ya beseni la maji na kulivika kanga kuukuu iliyolowa, kama mtungi wa bibi. Waini iliyochachuka kwenye joto kali inakuwa na harufu ya ajabu ambayo haiondoki.

Halafu unasubiri. Hapa sina ufundi wa kukufundisha, nina ushuhuda tu. Mara ya pili nilipojaribu, bibi alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akalala chumba chenye dumu. Akawa ananiuliza kila asubuhi.

"Bado tu?"

"Bado, bibi. Mwezi mmoja, kisha naihamisha, kisha miwili mingine."

"Miezi mitatu? Mjukuu wangu, hiyo ni pombe au ni mimba?"

Bibi alirudi Iringa bila kuionja. Lakini dumu lilinifundisha kulitazama. Wiki ya kwanza linachemka. Wiki ya tatu mapovu yanahesabika. Kisha yanakoma, na kile kilichokuwa kama uji mwekundu kinaanza kujisafisha chenyewe kutoka juu, mashapo yanatulia chini kama tope la mtoni. Hapo nyonya kwa mpira, polepole, ukiacha mashapo nyuma, uweke kwenye dumu jingine safi, ulijaze mpaka shingoni. Rudia tena baada ya mwezi. Ukionja sasa utashtuka: haina utamu, ni kali, inakausha ulimi. Wengi wanadhani imeharibika. Hapana, ndiyo kwanza inaanza kuwa waini.

Ukitaka uhakika kabla ya kuigusa chupa ya kioo, jaza kidogo kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, iminye hewa itoke, kaza kifuniko, iweke pahali pa joto siku nne. Ikivimba na kuwa ngumu kama tairi, rudisha kwenye dumu. Ningelijua hili, ukuta wangu usingepakwa rangi upya.

Watu huniuliza kama kitu hiki kinaweza kuua. Habari za pombe za kienyeji zilizopofusha na kuua watu zinatisha, na zina haki ya kutisha, ila mara nyingi shina lake ni methanoli, kileo cha sumu cha viwandani, iliyochanganywa humo na wauzaji. Waini ya rozela haikenekwi, yaani haichemshwi ili kukusanya mvuke wake, na haitiwi kitu cha kuiongezea makali. Kukeneka nyumbani ni gongo, na gongo ni jinai. Ukitaka kuuza waini yako, tafuta leseni na uende TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwanza. Mimi siuzi.

Zabibu sasa. Dodoma wana bahati ya kuvuna mara mbili kwa mwaka, na waini ya Makutupora imelipa jina eneo hilo. Lakini zabibu zinataka mikono mingi. Chupa moja tu inameza zaidi ya kilo moja, na rangi nyekundu imo kwenye ganda, siyo kwenye maji, hivyo unazichachua na maganda yake na kuyasukuma chini mara mbili tatu kila siku yasikauke juu na kuota ukungu. Nilijaribu mara moja. Safari ya pili nilinunua mchuzi wa zabibu uliokwisha kukamuliwa, na siku dumu lilipofika nikaona aibu kidogo, kama mtu anayenunua ugali hotelini kisha akaupakua nyumbani kwa sahani yake.

Mwaka huu niliharibu dumu zima la rozela. Nilisafiri wiki tatu, yale maji ya kuzamisha mpira yakakauka, hewa ikaingia. Niliporudi stoo ilinuka siki hadi uani, kama mnazi uliosahauliwa. Nilikuwa naelekea kuimwaga, mke wangu akanizuia, akachuja lita 2 kwenye chupa na kuipeleka jikoni. Kachumbari yake tangu siku hiyo inasifiwa mtaa mzima. Juzi chupa imekaribia kuisha, ameniuliza ninasafiri tena lini.