Uchawi wa Kigiriki kwenye gemu: ukitoa sharti unabaki na nini?

Medea, mchawi wa hadithi za Kigiriki, anapompa shujaa Jason dawa ya kumkinga na mafahali wanaopumua moto, hampi kichupa na kumwambia jipake basi. Kwenye simulizi ya Apollonius wa Rhodes, karne ya 3 kabla ya Kristo, anampangia kila kitu: subiri usiku wa manane, oga mtoni, vaa nguo nyeusi, nenda peke yako ukachimbe shimo la mviringo, chinja kondoo jike umteketeze mzima kwa ajili ya Hecate, mungu wa kike wa uchawi, mimina asali, alafu ondoka, na hata ukisikia vishindo vya miguu au mbwa wanabweka nyuma yako usigeuke, maana ukigeuka umeharibu kila kitu. Kukicha ndo unajipaka mwilini, na ngao na mkuki pia unavipaka. Na kinga yenyewe ni ya siku hiyo moja tu.

Mi nikisoma pale naona kadi ya uchawi imeshaandikwa kitambo. Vifaa vipo, muda wa kuandaa upo, muda wa dawa kufanya kazi upo, sharti lipo. Sasa mtu akiichukua kuipeleka kwenye gemu mara nyingi inatoka hivi: Kinga ya Medea, moto unapungua nusu, mana 30 (nguvu ya uchawi unayolipa). Hecate hayupo, kondoo hayupo, usiku haupo, na wale mbwa ndo kabisa.

Hapo ndo penye bishano letu sisi tunaodizaini gemu za aina hii, za mezani na za kompyuta. Wengine wanasema chukua jina na picha kutoka kwa Wagiriki, mengine yote yaamuliwe na hesabu, uchawi ubalansi na uchezeke. Wengine wanasema bila sharti hujachukua kitu, umechukua nguo tu. Mi niko huku kwa pili na sifichi, kwa sababu naona watu wa huku wanachukuliwa kama wasomi wa vitabu wasiojua gemu, na si kweli.

Ila wale wa hesabu wana hoja nzito na lazima isemwe vizuri. Hadithi ina shujaa mmoja, meza ina watu watano na kila mtu anataka zamu yake. Ukimwambia mtu uchawi wako unahitaji usiku na mto na kondoo, basi siku wakivamiwa mchana jangwani yeye kazi yake ni kukaa na kuangalia wenzake wakipigana. Alafu msiba ni mzuri kuusikiliza ila kuubeba ni kitu kingine, Eurydice, yule mke ambaye Orpheus alimfuata kuzimu akampoteza tena kwa kugeuka kumuangalia, kwenye shairi ni jina, mezani Eurydice ni rafiki yako aliyepanda daladala mbili kuja kucheza. Kwenye Age of Mythology, gemu ya vita ya kompyuta ya 2002, walijaribu ukali wa namna hiyo, kila pawa ya mungu unaitumia mara moja tu kwenye mechi nzima, radi ya Zeus ikishapigwa imeisha. Matokeo yake mtu unabana unabana mpaka mechi inaisha pawa iko palepale. Toleo la Retold la 2024 limeruhusu uirudie, unalipa neema ya miungu na unasubiri kidogo. Uamuzi mzuri tu, mi sina ugomvi nao. Tena angalia ile neema Wagiriki kwenye hiyo gemu wanaipataje, wanakijiji wanaacha kulima na kukata miti wanakwenda kusali hekaluni, kwa hiyo kila sala ni mikono imetoka shambani. Hilo nalo ni sharti, tena lipo ndani ya hesabu yao wenyewe.

Sasa kuna namba moja inanisumbua kuliko zote, nayo ni bei ya kufufua mtu.

Kwenye Dungeons & Dragons (D&D), gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, toleo la tano lililotoka 2014, mtu akifa na dakika moja haijapita unamrudisha kwa almasi ya vipande 300 vya dhahabu. Zikishapita siku ila hazijazidi 10, almasi ya 500. Akiwa amekufa muda mrefu, mpaka miaka 100, almasi ya 1,000. Na ule uchawi mkubwa kabisa, unaofika mpaka miaka 200 na hata mwili usipokuwepo anarudi, almasi za 25,000. Almasi inateketea, haitumiki tena. Siwasemi vibaya walioweka hizo bei, kwa sababu mwanzoni mwa mchezo, kundi likiwa na shilingi mbili mfukoni, 300 inauma kweli na watu wanauza panga zao. Shida inakuja baadaye, maana kundi likishaua mazimwi makubwa lina dhahabu ya kumwaga, na kifo kinageuka nauli. Watu hawaulizani tena tutamkosa vipi huyu mtu, wanaulizana nani ana almasi kwenye begi. Nimekaa kwenye mechi za hivo, karakta wa mtu amekufa na hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye simu.

Na kinachonifanya niirudie hii namba kila siku ni kwamba Wagiriki wenyewe walishaifikiria dhahabu. Pindar, karne ya 5 kabla ya Kristo, kwenye shairi alilomtungia Hieron mtawala wa Syracuse ambaye alikuwa anaumwa, anamsimulia Asclepius, mganga aliyefundishwa na Chiron, yule nusu mtu nusu farasi, aliyekuwa anatibu vidonda na homa kwa nyimbo, kwa dawa za kunywa, kwa kukata. Mganga mzuri sana. Siku moja akaonyeshwa dhahabu mkononi, malipo makubwa, akakubali kumrudisha mtu ambaye kifo kilikuwa kimeshamchukua. Zeus akarusha radi moja ikapita vifuani mwao wote wawili, mganga na mgonjwa, pumzi ikakatika palepale. Kwa hiyo malipo yalifanyika kama kwenye kitabu cha kanuni, ila dhahabu ndo ilikuwa kosa lenyewe.

Ukidizaini kutoka hapo unapata uchawi tofauti kabisa. Wa kwangu uko hivi: kufufua hakuna bei, mganga yeyote wa levo ya kati anaweza, ila kuanzia siku hiyo yeye na aliyemfufua wamefungwa pamoja, na kila mvua ya radi ikitokea kwenye mchezo wote wawili wanarusha kete ya pande 20, mmoja akipata 1 radi inawapata wote. Hesabu yake ni nyepesi, mtu wa kubalansi hawezi kulalamika. Ila ghafla mawingu yana maana. Wachezaji wanauliza hali ya hewa kabla ya kusafiri, na kuna kundi lilikaa pangoni siku tatu za mchezo kwa sababu nilitaja upepo tu.

Kwenye kubadilisha watu kuwa wanyama ndo upande wetu unaeleweka vibaya zaidi, watu wanadhani tunapenda kuumiza wachezaji. Circe, mchawi wa kwenye Odisea ya Homer, anawachanganyia mabaharia jibini, unga wa shayiri, asali na mvinyo, anatia dawa zake, wakishakunywa anawagusa na fimbo wanakuwa nguruwe, kichwa, sauti, manyoya na umbo. Ila Homer anaongeza kitu kimoja, akili zao zilibaki vilevile kama zamani, na wakafungiwa zizini wanalia huku wanatupiwa mbegu za mwaloni wale. Kwenye D&D ya 2014 uchawi wa kumgeuza mtu mnyama unachukua mpaka namba za akili, unapewa za mnyama, unabaki na tabia na utu wako tu. Age of Mythology nayo imempa Aphrodite laana ya kugeuza wanajeshi nguruwe na hapo kwishnei, nguruwe ni nguruwe.

Sasa niambie lipi linamuumiza mchezaji zaidi? Ukimnyang'anya akili umemtoa kwenye mchezo. Ukimwachia akili na kumnyima sauti umempa kazi, anajua mlango wa siri uko wapi na hawezi kusema, anakwaruza chini kwa kwato, anamsukuma mwenzake na pua. Hadithi hapa ni rafiki wa mchezaji kuliko kanuni. Na hadithi hiyohiyo inampa mpinzani njia, mungu Hermes anamchimbia Odysseus, kiongozi wa wale mabaharia, mmea wa moly wa kumkinga na dawa ya Circe, mzizi mweusi na ua jeupe kama maziwa, mgumu binadamu kuuchimba. Tena wale watu wakirudishwa wanarudi vijana zaidi, warefu na wazuri kuliko mwanzo! Yani hata fidia imo. Mtu aliyekaa nguruwe mechi mbili ukimrudishia na pointi moja ya nguvu juu yake, atakukumbuka kwa wema.

Kitu hiki cha pawa kuwa na mlango wake wa nyuma wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kuelezewa sana, tumekua na Liongo Fumo na sindano ya shaba ya kitovuni. Mganga wa kwenye hadithi zetu akitoa dawa anatoa na mwiko wake, na mtoto anayesikiliza anajua tangu hapo kwamba mwiko ndo utakaovunjwa.

Na wanaosema haiwezekani kuuza gemu ya namna hii, waangalie Hades, gemu ya kompyuta ya studio ya Supergiant, iliyokamilika 2020 na kupata tuzo ya Hugo 2021. Miungu mingine mle inakupa baraka moja kwa moja, Zeus radi, Poseidon mawimbi. Ukienda kwa Chaos mambo mengine, kuingia tu kwenye lango lake unalipa damu, alafu anakupa laana kwanza unaibeba vyumba kadhaa ndo inageuka baraka. Watu wanaingia kwa hiari yao wenyewe. Hata D&D ilipotoa kitabu cha Theros 2020, ulimwengu wa kubuni unaofuata hadithi za Kigiriki, wakaweka namba ya uchaji, ukimpendeza mungu wako ukifika 3, 10, 25, 50 unapata kitu, ukimuudhi inashuka. Sio kali sana ila wamekubali kwamba pawa inatoka kwa mtu mwenye macho yake, anakuangalia unavyoishi.

Nikubali palipo pagumu. Cassandra mi nimeshindwa. Mungu Apollo alimpa kuona yajayo, Cassandra alipomkataa, Apollo akamwachia kipaji na kumnyima kuaminiwa. Ukimwambia mchezaji wako kesho daraja litavunjika, wenzake mezani wamesikia, wamekuamini, huwezi kuwaamrisha watu wasiamini kitu wanachojua ni kweli, wataigiza tu na kuigiza kunachosha. Nilijaribu kumwandikia kwenye karatasi, nikajaribu kuchanganya utabiri wa kweli na wa uongo, ule wa kuchanganya ulifanya kazi wiki mbili alafu watu wakaanza kupiga hesabu ya lipi la kweli. Hapa wenye namba wako sawa, kuna sharti linaishi kwenye shairi na likifika mezani linakufa.

Sharti la Orpheus, la kutogeuka, nilidhani nalo litakufa. Kwenye gemu ninayotengeneza na washkaji niliandika hivi: unashuka kuzimu, unamchukua mwenzako, mnapita vyumba vitatu mpaka juani, na kuanzia hapo huruhusiwi kumuangalia aliye nyuma yako, kumuuliza kitu wala kumtaja jina, na yeye haongei wala harushi kete. Siku ya kuitesti mshkaji wangu aliyekuwa mbele akaweka chupa ya soda mbele yake akaikazia macho, mikono juu ya magoti. Chumba cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, meza imenyamaza hata feni unaisikia. Cha tatu, mlango tayari unaonekana, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "upo?" Mshairi Mroma Ovid anasema Orpheus aligeuka kwa kuogopa mwenzake asije akaishiwa nguvu, na kwa hamu ya kumuona, na mi nilikuwa nimesoma hayo maneno mara nyingi, ila siku hiyo ndo niliyasikia.

Lakini aliyekuwa nyuma, aliyepotea mara ya pili, alikaa karibu dakika 40 bila kufanya chochote. Akaniambia wakati tunatoka kwamba lilikuwa jambo zuri ila amejiona kama amekuja kutazama. Hiyo hoja sina jibu lake la mdomo, upande wa pili wamekuwa wakiisema muda wote na wako sahihi.

Kwa hiyo nikairudia kadi. Sharti la aliye mbele sijaligusa hata neno. Wa nyuma ndo nimempa kazi, nimechukua vile vishindo na wale mbwa wa Medea nikamkabidhi yeye. Kwa kila chumba ana sauti moja, anachagua aitoe lini na iweje, kukwaruza, kukohoa, hatua zinazopungua mwendo, na chumba kimoja kati ya vitatu lazima anyamaze kabisa. Anayeongoza hajui ni kipi. Jumamosi iliyopita tumeitesti upya na watu wengine. Dada aliyekuwa nyuma akatoa hatua zake chumba cha kwanza, cha pili akagonga chini ya meza mara mbili polepole, alafu cha tatu hakutoa kitu, na yule wa mbele jasho linamtoka, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akapita mlango, akahesabu mpaka kumi kabla hajathubutu kugeuza shingo.