Treni Ikikwama, Nauli Ya Nani?

Mwishoni mwa Julai 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ikiwa haijatimiza hata wiki moja kwenye njia ya Dar hadi Dodoma, umeme ulikatika na abiria wakakwama njiani. Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliomba radhi, na katika maelezo ya chanzo cha hitilafu wakatajwa ngedere na bundi. Mitandaoni tulicheka sana. Ngedere akapata umaarufu, na swali la nauli ya waliokwama likafia hapo.

Sina ugomvi na ngedere. Ninachouliza ni hiki: aliyelipa Sh31,000, nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma wakati huduma inaanza, alinunua nini? Treni hii ilinadiwa kwa muda. Kilomita 160 kwa saa, Dodoma kwa saa chini ya nne. Watu walihama basi kwa sababu hiyo. Muda ukipotea, sehemu ya kilicholipiwa haikutolewa, na radhi, hata ikiwa ya dhati, haijazi pengo hilo.

Ugumu wa kwetu ni kwamba kila anayehusika ni serikali. TRC ni ya serikali. TANESCO inayoleta umeme ni ya serikali. LATRA inayopanga nauli na kusimamia usafiri wa ardhini, nayo ni ya serikali. Abiria akidai anazungushwa katika nyumba moja, chumba hiki kikimwelekeza kile.

Waingereza waliliona hili Mei 2018, ratiba mpya ya treni ilipovurugika kaskazini mwa nchi na kuzunguka London. Uchunguzi ulioongozwa na Stephen Glaister ulikuta kwamba hakuna aliyeshika usukani: mwenye reli, waendesha treni, mdhibiti na wizara, kila mmoja alidhani mwenzake analiona tatizo. Tofauti ni kwamba kule tayari kulikuwa na utaratibu wa fidia, na wenye tiketi za muda mrefu katika maeneo yaliyoumia zaidi wakaongezewa fidia maalumu. Katika kampuni nyingi za huko, ukichelewa dakika 15 unadai robo ya nauli, dakika 30 nusu, saa nzima nauli yote ya safari hiyo. Umoja wa Ulaya ni wabanifu zaidi: robo kuanzia saa moja, nusu kuanzia saa mbili, na tangu 2023 reli haziwajibiki kwa majanga makubwa kama hali ya hewa ya kupindukia.

Msamaha huo wa majanga ndio ninaouogopa ukija kwetu. Mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe, kwenye njia hiyo hiyo ya Dodoma, yaliikata reli ya zamani mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na kila mwenye umri wangu anajua kipande kile kina historia. Mvua inayojulikana kwa miaka yote hiyo haiwezi kuitwa ghafla.

Hoja ninayosikia ni kwamba fidia italipwa na mlipakodi yule yule. Ina uzito, lakini haitoshi. Ichukuliwe kwenye mapato ya tiketi, na pale kosa likiwa la umeme, TANESCO iilipe TRC. Uingereza mwenye miundombinu huwalipa waendesha treni kwa ucheleweshaji aliousababisha, ingawa naye ni mali ya serikali. Fedha zikihama toka hesabu moja kwenda nyingine, mkurugenzi fulani ataulizwa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) atakuwa na cha kukagua.

Wala tusiambiwe utaratibu ni mgumu. Tiketi ya SGR inakatwa kwa kitambulisho na namba ya simu, inalipwa kwa simu. Mfumo unajua nani alikuwa behewa gani, na treni ilifika saa ngapi. Robo ya Sh31,000 ni Sh7,750, na inaweza kurudi kwenye simu ile ile kabla abiria hajatoka stesheni, bila fomu wala barua ya malalamiko.

LATRA ianze na jambo dogo lisilohitaji bajeti: kila mwezi ichapishe treni ngapi zilichelewa, kwa dakika ngapi, na kwa sababu ya nani. Ngedere nao wawe na safu yao kwenye jedwali.