Dakika zetu kwenye mashine ya kidole

Nilifanya kazi miaka miwili kwenye ghala moja hapa Kigoma, tukipakia madumu ya mawese na magunia ya dagaa. Mlangoni kulikuwa na mashine ya kidole: unaingia unabonyeza, unatoka unabonyeza. Niliipenda tangu siku ya kwanza, maana daftari la zamani lilijazwa na msimamizi, na msimamizi ana watu wake.

Mashine yenyewe kazi yake ni fupi. Inakutambua kwa mistari ya kidole, pale inapokatika na kugawanyika, kisha inaandika namba yako, tarehe na saa. Basi. Hesabu inafanywa na programu kwenye kompyuta ya ofisini, na programu hufuata ilivyoelekezwa na mwenye ofisi.

Ya kwetu iliambiwa ihesabu kwa robo saa. Ukiingia 07:04, yaani saa moja na dakika nne, unahesabiwa kuanzia 07:15. Ukitoka 17:56 unaishia 17:45. Ingekuwa inapeleka kwenye robo iliyo karibu nisingelalamika: 07:04 ingerudi 07:00, 17:56 ingesogea 18:00, leo unapata kesho unakosa. Hii ilikata upande wetu tu, asubuhi na jioni. Dakika 22 kwa siku, saa mbili na dakika 12 kwa siku sita. Na zote ni za ovataimu! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu.

Halafu karani. Akiona saa 9 na dakika 30, kwenye jedwali la mishahara anaandika 9.30. Nusu saa ni 9.5. Hiyo 9.30 yake ni saa 9 na dakika 18, dakika 12 zimekwenda. Nilipomwonyesha alishtuka, hakuwa na nia mbaya.

Chakula cha mchana nacho kilikatwa saa nzima kila siku, hata lori lilipoingia saa saba na tukala tumesimama. Mwajiri halazimiki kulipa mapumziko, ni kweli, lakini akikutaka ufanye kazi muda huo lazima alipe.

Lililoniuma kuliko yote ni la mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye madumu. Vidole vyake vilikuwa vimelika, na mawese hayatoki upesi. Jumanne moja jioni alibonyeza, mashine ikakataa. Akafuta kidole kwenye khanga, akabonyeza tena, ikakataa tena. Gari la Ujiji lilikuwa linaondoka, akaenda. Kwa programu, mtu aliyeingia bila kutoka ana saa sifuri. Siku ya mshahara akaja kwangu: "Mwanangu, si uliniona? Si tulipakia wote?"

Nilimwona. Lakini ushahidi wangu haukuwa na pa kuandikwa, na hapo ndipo naona dhuluma ilipo. Saa za mfanyakazi zinakaa ofisini, yeye anaona jumla tu, tena pesa zimeshakatwa. Mimi nataka karatasi ya saa za kila mtu, ya kuingia na kutoka kama mashine ilivyoandika, ibandikwe mlangoni kila Jumamosi, na pembeni yake liwepo daftari la marekebisho lenye sahihi mbili. Mama yule angeiona Jumanne yake mapema, tukiwa bado tunakumbuka lori lilikuwa la nani.